Kanuni ya Siku ya Tatu

Jumatatu, 2 Machi 1987. Jinja

Mvua imeanza leo, kiwanda nacho kimeanza leo, na vyote viwili vinavuja. Nimepewa chumba kando ya lango, kitanda cha kuchunguzia wagonjwa, kipimajoto kimoja na daftari hili la kuandikia majina yao. Majina nitayaandika migongoni mwa fomu za zamani. Daftari nimelichukua mimi.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Nilizaliwa Malukhu, Mbale, katika nyumba ya Waislamu, na miaka sita niliyokimbilia Kenya, nikiwa nesi katika shamba la chai, ilikinoa Kiswahili changu. Hapa Jinja mtu akikisikia hukumbuka askari, maana ndiyo lugha yao. Hakuna atakayejisumbua kukisoma kwa raha yake.

Meneja wetu, Bwana Gaster, ni mtu wa kwetu Mbale. Alikuwa akitunza stoo jeshini. Hakuna anayejua alipigana wapi, lakini hata wanawake wanaochambua pamba wanatakiwa kumwita Afande. Leo alitupanga mstari mvuani akatusomea kanuni kumi na mbili, yeye akiwa chini ya mwavuli. Ya nne inasema: mfanyakazi akiugua, siku ya kwanza na ya pili hana mshahara; siku ya tatu hana kazi.

"Getini kuna watu mia mbili wanangoja," alisema. "Wote wazima."

Sikuona ubaya wa kanuni hiyo. Nimeishi na wagonjwa miaka ishirini. Nusu yao ni waongo, na nusu nyingine hawasemi kinachowauma.

Alhamisi, 5 Machi

Wagonjwa tisa. Waongo wanane. Wa tisa ana jino.

Jumatano, 11 Machi

Hapa tunafuma mablanketi ya hospitali na ya kambi za jeshi. Kwa kweli tunafuma matambara ya kijivu ambayo mtu akiyavuta usiku hubaki na kipande mkononi. Lakini ni kiwanda, kimeamka baada ya vita, na watu wa mtaa wa Walukuba wanakitazama kama bwana harusi.

Anayejiona mwenye kiwanda ni Mugweri, fundi wa mitambo ya kufuma. Januari ya mwaka jana, askari walioshindwa walipopita hapa wakang'oa hata komeo za milango, yeye alifungua vyuma vya ndani vya mitambo kumi na miwili, akavibeba kwa baiskeli usiku tatu hadi kwake Wanyange, akavifukia katika shamba la viazi. Bila vyuma hivyo hakuna kiwanda. Najua, kwa sababu ameshanisimulia mara nne, na kila mara askari wanaongezeka.

"Mimi nilificha moyo ya hii kampani, Sista," aliniambia tena leo, akijipiga kifua.

Nilimwambia moyo nauona, ila kuna mdomo mkubwa umeuzunguka. Akacheka. Hata kutukanwa hajui.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Yekosofati, karani wa mahudhurio, alikuja kuhesabu vyeti vyangu vya wagonjwa. Amejifunza kutembea kama Afande, tumbo mbele, ila hana tumbo.

"Ugonjwa, Sista, ni uvivu uliovaa shuka," alisema. Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua.

Ijumaa, 27 Machi

Nilikwenda kantini kunywa chai. Mpishi wetu, Selpher, mjane aliyetoka upande wa Busia, alikuwa anagawa maji ya kunywa. Yapo katika pipa, naye huchota kwa kikombe, mkono ukizama hadi kiwiko. Alikuwa anatokwa jasho, amejifunga leso tumboni kwa nguvu kama mzazi.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Moto wa jikoni tu, Sista."

Nikamwamini. Ilikuwa rahisi kumwamini, na chai ilikuwa inapoa.

Jumanne, 7 Aprili

Mugweri kaja, safari hii bila hadithi. "Kichwa inauma. Mwili yote nasikia balidi." Nikampa vidonge vya malaria, nikamrudisha kwenye mitambo.

Jumatano, 8 Aprili

Afande ameniita. Nimeandika vyeti vingi mno, asema. Nikamweleza, kwa adabu yote, kwamba kule shamba la chai mfanyakazi akiugua alilala wiki mbili kwa mshahara wake kamili, na chai haikukauka.

"Ukimlipa mtu alale," alisema, "nani ataamka?"

Nilijibu kwamba hilo ni swali zuri. Nilidhani ni swali zuri kweli. Wazungu wa chai walikuwa na fedha za kuchezea. Sisi tuna mvua na matambara.

Jumanne, 14 Aprili

Mugweri tena. Wiki nzima amefanya kazi na homa. Kipimajoto kinasema thelathini na tisa. Ulimi mweupe, tumbo gumu. Moyo unapiga polepole kama wa mtu aliyelala. Ajabu.

Nikamwambia nitamwandikia siku mbili.

"Ya tatu je?"

"Ya tatu unaijua."

Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sista, wewe na Afande mnatoka pamoja. Nisemee. Aniwekee nafasi wiki moja tu. Mwambie ni yule alificha vyuma."

Nilikuwa nimechoka. Mlangoni kulikuwa na foleni. Na kusema kweli, nilifurahi kidogo kuona majivuno yake yamepata kazi ya kufanya. Nikamwambia, "Mimi ni nesi, si mwombaji. Kama unaweza kusimama, kasimame kwenye mtambo wako."

Akasimama. Akasema asante. Akaenda.

Jumapili, 19 Aprili

Pasaka yao. Kimya. Nilifua.

Ijumaa, 24 Aprili

Saa nne asubuhi Mugweri alianguka kati ya mtambo wa sita na wa saba. Walimbeba hadi kwangu juu ya blanketi, na blanketi likachanika njiani. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mizigo. Kila tulipopita kwenye mashimo alinishika mkono.

Jumanne, 28 Aprili

Mugweri amefariki leo alfajiri. Utumbo ulitoboka. Ni homa ya matumbo, na ilikuwa imemla wiki tatu.

Mwili unaungua na moyo unapiga polepole: mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili anaijua alama hiyo. Mimi niliiandika katika daftari hili kwa mkono wangu, nikaongeza neno "ajabu", nikafunga kalamu. Miaka ishirini nilimcheka kila mganga wa kienyeji niliyepishana naye njiani. Hakuna hata mmoja wao ambaye angemtazama mtu kidogo kuliko nilivyomtazama huyu.

Saa sita Afande aliniita niandike ripoti.

"Andika malaria," alisema.

"Si malaria, Afande. Ni homa ya matumbo. Inatoka kwenye maji au chakula, na huenda inatoka humu humu kiwandani. Nina wengine sita wenye homa hiyo hiyo."

"Andika malaria. Malaria haina mwenyewe."

Yekosofati alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, anatikisa kichwa kukubali hata kabla sentensi haijaisha. Niliwatazama wote wawili. Mmoja alipata cheo kwa kuhesabu buti, mwingine kwa kuhesabu watu. Nikaandika HOMA YA MATUMBO kwa herufi kubwa, nikaweka sahihi, nikaacha karatasi juu ya meza yake.

Jumatano, 29 Aprili

Tulimzika Mugweri Wanyange jana jioni, kando ya shamba la viazi. Kampuni ilituma Yekosofati. Alifika na viatu vyeupe.

Asubuhi hii nilimwambia Afande pipa la kantini lifungwe mpaka nijue ugonjwa umeanzia wapi. Jibu lake alilitoa hadharani. Alitupanga mstari, akaagiza kikombe kutoka kwenye pipa lile lile, akakinywa chote mbele yetu, maji yakimtiririka kidevuni.

"Mnaona? Askari hafi kwa maji! Hii homa ni woga. Rudini kazini!"

Baadhi walipiga makofi. Nilikuwa nimemwonya mara moja, ofisini. Mara ya pili, pale uwanjani, sikufungua mdomo. Nililitazama koo lake likipanda na kushuka, nikahesabu siku kichwani.

Alhamisi, 30 Aprili

Ramadhani imeingia. Wagonjwa kumi na saba.

Jumatatu, 4 Mei

Nimewauliza wagonjwa wote swali moja: nani kabla yako? Kila jibu lilirudi nyuma, na yote yaliishia jikoni.

Selpher hakukana. Alikaa kwenye kitanda changu, mikono mapajani.

"Niliugua mwezi wa tatu. Wiki mbili, karibu tatu. Tumbo, homa, kila kitu. Nilikuwa nachota maji nikitetemeka."

"Na nilipokuuliza ulisema moto wa jikoni! Kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia bila hasira. "Ningekuambia, ungenipa nini?"

Ningempa siku mbili za njaa, na ya tatu ningempa barabara. Chumba hiki nimekiita zahanati miezi miwili, kumbe ni lango la pili la kutokea. Mtu mwenye akili hapiti hapa. Wanane niliowaita waongo walikuwa wamekuja kujaribu tu kama mlango uko wazi. Wagonjwa wenyewe walibaki kwenye mitambo, wamejifunga leso.

Nimemwagiza Umaru, anayewasha boila la mvuke, achemshe maji yote ya kunywa kuanzia leo. Hakumwomba mtu ruhusa. Ndiye mwanamume wa kwanza hapa kufanya jambo bila kutazama kwanza dirisha la meneja.

Jumanne, 5 Mei

Afande amemfukuza Selpher. Kwa kuficha ugonjwa.

"Ukimfukuza huyu," nikamwambia, "wengine watajifunza kuficha vizuri zaidi."

"Wewe uko upande gani, Sista Nulu?"

Nilisema niko upande wa maji yaliyochemshwa. Hakuelewa. Selpher alipita langoni na sufuria zake mbili kichwani, na walinzi walizipekua.

Jumamosi, 9 Mei

Wagonjwa thelathini na mmoja. Wafumaji hawatoshi, na mtambo wa sita uliposimama hakuna aliyejua kuufungua. Aliyejua yuko Wanyange. Basi Afande akafungua geti na kuwaingiza wale wazima mia mbili wanaongoja. Wakaingia kwa nguvu. Hadi saa saba walikuwa wamekata uzi wote, wamevunja vipuri vya mitambo minne, na mmoja amenaswa shati akatolewa akiwa uchi hadi kiunoni.

Kiwanda kimefungwa. Kile ambacho askari wenye bunduki walishindwa kukifanya mwaka jana, kanuni moja ya mistari mitatu imekifanya ndani ya wiki kumi.

Jumatano, 13 Mei

Mvua. Dawa zimefika kutoka Kampala, kidogo. Nazunguka Walukuba nyumba kwa nyumba na mkoba wangu, kwa mguu. Watu walionichukia kwa Kiswahili changu sasa wananipa kiti. Naona haya kukikalia.

Ijumaa, 15 Mei

Afande hakuja ofisini. Yekosofati asema "anapumzika."

Jumatatu, 18 Mei

Amepelekwa kwake Mbale kwa gari la kampuni, amelala kiti cha nyuma. Leo ni siku ya nne. Hakuna aliyepewa nafasi yake. Nilimuuliza Yekosofati kama kanuni ya nne imemeza ulimi. Akasema, "Ile ni ya wafanyakazi." Alisema hivyo bila kutabasamu, maskini. Alikuwa ananieleza tu.

Jumapili, 24 Mei

Wote niliokuwa nawatibu wako hai. Sijui nimshukuru nani; si mimi.

Ijumaa, 29 Mei. Mbale

Idd. Niko kwa Mama, Malukhu. Vizuizi vitatu njiani, na kila askari alitaka kujua kwa nini mkoba wa nesi una sindano. Mama amenipikia pilau na kunisema kwa kukonda. Jioni akaniambia, "Jirani yetu, mkubwa wenu wa kazini, anaumwa. Mkewe amekuja mara mbili kukuulizia."

Jumamosi, 30 Mei

Nimekwenda.

Nyumba ni nzuri, ina geti. Mkewe, Milly, ni mwalimu, mwanamke mtaratibu, macho yamemwingia ndani kwa kukesha. Akanipeleka chumbani. Afande Gaster alikuwa amelala ubavu, mashavu yameshuka, mguu mmoja umetoka nje ya shuka, mwembamba kama mpini. Nilimpima. Homa imeanza kushuka. Atapona. Nilijisikia nikisikitika na nikijidharau kwa kusikitika, na sikujua ninasikitikia lipi.

"Sista, umekuja," akasema. "Kuna karatasi."

Alitaka cheti. Wakubwa wa Kampala wameandika: meneja anaweza kuendelea kupokea mshahara wake akiwa kitandani, mradi nesi wa kiwanda athibitishe ugonjwa. Fomu ilikuwa tayari mezani, na kalamu juu yake.

Niliisoma polepole. Kisha nikatoa karatasi nyingine mkobani, nakala ya zile kanuni kumi na mbili, nikampa Milly.

"Mwalimu, nisaidie. Macho yangu yamechoka. Soma ya nne."

Milly akasoma kwa sauti ya darasani. "Mfanyakazi akiugua, siku ya kwanza na ya pili hana mshahara. Siku ya tatu hana kazi." Akageuza karatasi, akatafuta nyuma yake kama kuna maneno yaliyobaki. "Hii ni ya wapi? Nani ameandika kitu kama hiki?"

Akaitazama sahihi. Akaitazama muda mrefu, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Gaster," alisema. "Leo ni siku ya kumi na sita nakuosha."

Yeye alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala. Nikaongea. Nilimtajia Mugweri, niliyemrudisha kazini kwa mdomo wangu mwenyewe kwa sababu ya kanuni yake na uvivu wangu. Nilimtajia Selpher. Nikasema nitaandika cheti chake hata sasa, kwa kuwa ni mgonjwa kweli na mimi si yeye. Lakini kanuni nyingine iandikwe kwanza: wiki mbili kwa mshahara kwa kila mtu, kuanzia yeye mpaka mfagiaji, nafasi ya mgonjwa ibaki yake, na Selpher arudi akishapona kabisa.

"Unaninunua nikiwa kitandani," akasema.

"Wewe uliwanunua wakiwa wamesimama, Afande."

"Watadanganya. Kila Jumatatu watakuja kwako na vichwa vinavyouma."

"Watakuja. Nitawapima. Ndiyo kazi niliyosomea."

Milly akachukua kalamu. Yeye ndiye aliyeandika, kwa mwandiko wa ubaoni, na mumewe akatia sahihi iliyopinda. Kifo cha Mugweri hakikumfundisha kitu, wala kiwanda kilichosimama, wala mia mbili wazima. Wenye vyeo husoma kwa matumbo yao. Nilifunga mkoba nikatoka bila kusubiri chai, ingawa Milly alikuwa ameshaiweka motoni, na hilo lilikuwa kosa langu kwake.

Jumatatu, 8 Juni. Jinja

Kiwanda kimefunguliwa, mitambo minane kati ya kumi na miwili. Yekosofati amebandika kanuni mpya ubaoni na kuwaeleza watu kwamba yeye siku zote aliiunga mkono.

Jumanne, 9 Juni

Wenye vichwa, sita. Waongo, wanne. Nimewapima wote.

Ijumaa, 12 Juni

Mvua zimekatika. Vumbi la kwanza.

Saa nane mlinzi alikuja kuniita: kuna mwanamke langoni, hataki kuingia. Alikuwa Namukose, mke wa Mugweri, mrefu, gauni lake la gomesi, jeusi, limepauka mabegani, amekuja kwa mguu kutoka Wanyange. Nilidhani amefuata spana za marehemu zilizobaki karakanani. Nikamwambia zitaletwa.

"Wanasema kuna karatasi," alisema kwa Kisoga. "Mimi sisomi."

Nikampeleka mbele ya ubao, nikamfasiria neno kwa neno. Mfanyakazi akiugua, atalala siku kumi na nne kwa mshahara wake, na nafasi yake itabaki yake.

"Imeanza lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Hii."

Mitambo ilikuwa inapiga kelele nyuma ya ukuta. Wafumaji wawili waliokuwa wanatoka zamu walimtambua, wakavua kofia, wakapita upesi. Nikajua nisiposema sasa sitasema kamwe.

"Mama, alikuja kwangu kuniomba nimsemee. Ni mimi niliyemrudisha kazini."

"Najua," akasema. "Aliniambia jioni ile ile. Spana nitazichukua siku nyingine. Leo nilikuja nikuone uso."

Akaniangalia. Hakukuwa na chuki machoni mwake ambayo ningeweza kujitetea dhidi yake. Aliniangalia jinsi nilivyowaangalia watu maisha yangu yote, kutoka juu hadi chini, mara moja, akamaliza.

Kisha akaugeukia ubao.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.